Farasi wa Luchelele na mtungi wangu wa naitrojeni

Simu iliyoniingiza kwenye mambo ya farasi haikutaja farasi hata kidogo. Ilikuwa sauti ya kiume, yenye lafudhi ya Arusha: "Dada, nimeambiwa wewe una naitrojeni. Unaweza kutupa nafasi kidogo kwenye mtungi wako?" Nikamuuliza ana mbegu za fahali gani. Akacheka. "Siyo fahali. Njoo Luchelele uone mwenyewe."

Kwa wasionijua, mimi ni mhimilishaji wa ng'ombe, yaani natia mbegu za fahali kwa mrija badala ya kumpandisha dume. Nilisomea Usa River, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji, NAIC, na kazi yangu iko Misungwi na vijiji vya jirani. Wafugaji wananiita daktari ingawa daktari wa mifugo siye mimi, na nimechoka kuwasahihisha. Nyuma ya pikipiki nafunga mtungi mdogo, mkubwa unabaki nyumbani. Humo mna naitrojeni ya maji, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri, na ndani ya hiyo naitrojeni mna mirija ya mbegu: Friesian, Ayrshire, Boran, Sahiwal, kutegemea mfugaji anatafuta maziwa, nyama au vyote viwili. Naitrojeni hupungua hata usipofungua kifuniko. Ikikauka, mirija yote inakuwa ya kutupa. Ndiyo maana mtu akiniomba nafasi kwenye mtungi huwa sijibu haraka.

Nilikwenda kwa udadisi tu. Shamba liko kando ya ziwa, katikati ya yale mawe makubwa ya Mwanza, na ndani ya uzio alisimama farasi jike wa rangi ya kahawia mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Mwenye farasi ni mama mmoja mtu mzima. Alimleta kutoka Arusha, ambako huyo mnyama alikuwa akishindana kuruka vizuizi mpaka mguu ukamharibikia. Hawezi tena kuruka, ila kuzaa anaweza, na huku kwetu farasi dume wa kumpandisha hayupo. Yule mwenye sauti ya kiume alikuwa daktari wa mifugo, kijana mwenye subira nyingi na mashine ndogo ya altrasaundi shingoni.

Ukanda wetu haujawahi kuwa nchi ya farasi. Mbung'o wameua wengi kwa ugonjwa wa nagana, na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na usubi unaweza kummaliza farasi mzima kwa siku chache. Huyu wa Luchelele amechanjwa, na kila jioni kabla usubi hawajaanza kuuma anaingizwa bandani. Watu wengi wa huku farasi wamewaona kwenye picha, au wale wa kikosi cha polisi Dar es Salaam. Watoto wa jirani walikuwa wamejazana kwenye uzio wakimwita punda mkubwa.

Mbegu zilitoka Ujerumani. Zilisafiri kwa ndege ndani ya mtungi mkavu, ambao sikuwahi kuushika kabla ya siku ile. Naitrojeni yake imefyonzwa na kitu fulani ndani ya kuta, kwa hiyo hata mtungi ukilala ubavu hakuna kinachomwagika, na mashirika ya ndege yanaukubali. Ubaya wake ni kwamba baridi hiyo inadumu kwa muda wa kuhesabu, kwa kawaida wiki moja hadi mbili. Karatasi za vibali na vipimo vya magonjwa zilichukua muda wake, safari ikachukua muda wake, na farasi mwenyewe alikuwa hajafika kwenye siku zake. Ndipo wakaulizia mjini nani ana naitrojeni, wakapewa namba yangu.

Tukaihamisha mirija. Kazi hiyo hufanywa kwa sekunde, kwa kibano, mdomo wa mtungi mmoja ukiwa jirani na wa mwingine, kwa sababu mrija ukikaa hewani hata kidogo unaanza kuyeyuka, na ukirudi kwenye baridi vipande vya barafu vinachana mbegu ndani. Nilishangaa ilivyo minene. Mrija wangu wa ng'ombe una robo mililita, huu una nusu. Nikashangaa zaidi nilipoambiwa kwamba mirija yote minane ni dozi moja. Mmoja wangu unatosha ng'ombe mmoja! Daktari akanieleza kwamba katika mrija wa ng'ombe zinawekwa mbegu kama milioni 20, na fahali mzuri anatungisha mimba kwa hizo. Kwa farasi, kiwango kinachotumiwa na vyama vya wazalishaji wa farasi wa michezo ni mbegu zisizopungua milioni 250 zinazoogelea mbele baada ya kuyeyushwa.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Jibu lake lilinifurahisha kwa sababu linahusu watu kuliko wanyama. Mwaka 1949 huko Uingereza, Christopher Polge na wenzake waligundua kwamba gliserini inazikinga mbegu zisiuawe na barafu. Waliigundua wakifanya kazi na mbegu za jogoo. Miaka michache baadaye ndama wakaanza kuzaliwa kwa mbegu zilizogandishwa, na tangu hapo fahali ambaye mbegu zake hazivumilii baridi hapati nafasi kituoni. Kizazi baada ya kizazi tumewachuja, hata bila kukusudia. Farasi dume hajachujwa hivyo. Yeye anachaguliwa kwa kuruka, kwa mbio, kwa ukoo na umbo. Kama mbegu zake zinakufa kwenye baridi, hiyo si sababu ya kumwacha, na wapo madume maarufu ambao mbegu zao hazigandishiki vizuri hata ufanyeje. Mtoto wa kwanza wa farasi kwa mbegu zilizogandishwa alizaliwa Kanada mwaka 1957, lakini mbinu hiyo ilichukua miaka mingi kuenea. Farasi wa mbio wa Thoroughbred mpaka leo hawaandikishwi kama mimba haikutungwa kwa dume kumpanda jike kwa macho ya watu. Wale wanaokimbia Ngong kule Nairobi wote walipatikana kwa njia hiyo ya zamani.

Sasa nieleze jambo ambalo mhimilishaji yeyote wa ng'ombe atalielewa mara moja. Kwa ng'ombe, kazi ngumu iko mkononi. Shingo ya kizazi chake ni ngumu na ina pete ndani. Mkono wa kushoto unaingia nyuma na kuishika kupitia ukuta wa utumbo, wa kulia unasukuma chuma taratibu, pete moja, ya pili, ya tatu. Wanafunzi wanatoka jasho miezi. Saa ya kuhimilisha, kwa upande mwingine, ni rahisi: ng'ombe akionekana kwenye joto (anataka dume) asubuhi, ahimilishwe jioni, akionekana jioni, ahimilishwe kesho asubuhi. Mzee asiyejua kusoma anaweza kunipigia kwa wakati sahihi, kwa sababu ng'ombe mwenyewe anatangaza. Anapanda wenzake, analia, anatoa ute. Kilichokuwa kinatuumiza ni njia. Kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa mwezi Juni 2025, niliwahi kukaa upande wa Kigongo nasubiri kivuko huku ng'ombe wa Sengerema anamaliza joto lake. Joto la ng'ombe ni saa 12 hadi 18 hivi. Foleni ya magari haijui hilo.

Farasi amepindua kila kitu. Akiwa kwenye joto shingo ya kizazi inalainika na kufunguka, kidole kinapita bila kubembeleza. Nilipoona daktari anaingiza mkono na mrija mrefu wa plastiki nikadhani ananitania. Lakini joto lake linachukua siku tano hadi saba, na yai linashuka siku moja au mbili kabla ya joto kwisha. Ni siku ipi hasa, farasi hasemi. Kwa dume hai hilo si shida, atampanda leo na keshokutwa, na mbegu mpya zinaweza kuishi ndani ya jike siku mbili au zaidi. Mbegu zilizogandishwa zikishayeyushwa zina takribani saa 12 za uhai ndani ya jike. Yai nalo likishatoka linabaki na nguvu kwa saa chache tu. Kwa hiyo ukiwa na dozi moja iliyotoka Ujerumani, huna siku tano. Una dirisha la kuanzia saa 12 kabla yai halijashuka hadi saa 6 baada yake.

Mimi nilidhani uhaba wa naitrojeni ndio ungetushinda. Baridi ilikuwa jambo jepesi kuliko yote.

Hata kumjua kama yuko kwenye joto kulikuwa na kazi yake. Farasi jike anaonyesha mbele ya dume: anainua mkia, anakojoa kidogokidogo, anasimama miguu imepanuka. Bila dume anaweza kukaa kimya. Kilichotusaidia ni punda wa kijana mmoja anayebeba mchanga, dume mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alipopita nje ya uzio, yule mrembo wa Arusha aliyezoea vikombe na makofi alimgeuzia mkia bila aibu. Mama mwenye farasi hakupendezwa. Daktari alifurahi sana, akamwomba kijana apite tena kesho yake.

Kumbe Ulaya wana shida nyingine ambayo sisi hatuna. Farasi anafuata mwanga. Siku zikiwa fupi majira ya baridi, mayai yanalala, na wafugaji wanawasha taa mabandani ili mwanga ufike saa 16 kwa siku na kuyaamsha mapema. Hapa Mwanza mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima, kwa hiyo farasi wa Luchelele hana msimu wa kulala. Angalau jua letu limetupa kitu cha bure.

Basi tukaanza kufuata yai. Kila siku daktari alimpima kwa altrasaundi. Kwenye kioo, ukuta wa kizazi cha farasi mwenye joto umevimba kwa maji na unaonekana kama chungwa lililokatwa katikati, mistari yake yote dhahiri. Kifuko cha yai kinakua hadi kupita milimita 35, mara nyingine 40 na zaidi. Kwa ng'ombe ninaowashika mimi, kifuko hakifiki nusu ya hapo au kinazidi kidogo tu. Kilipofika 35 na uvimbe ukiwepo, daktari alimchoma sindano ya homoni ya hCG. Homoni hiyo hupatikana kwenye mkojo wa wanawake wajawazito. Nikafikiria jinsi mjamzito wa mbali, asiyejua habari hii, alivyochangia farasi kushika mimba kando ya Nyanza. Tukaambizana na yule mama, tukacheka peke yetu.

Sindano ile husababisha yai kushuka baada ya saa 36 hivi. Ndiyo maana alimchoma saa mbili usiku, ili mambo yaangukie asubuhi ya keshokutwa yake. Wenye dozi mbili hawahangaiki sana: wanaingiza moja saa 24 baada ya sindano na nyingine saa 40, yai litaangukia mojawapo. Sisi tulikuwa na moja. Njia iliyobaki ni kumpima kila saa sita na kutoyeyusha chochote mpaka yai limeshuka kweli.

Kwa hiyo usiku wa pili tulilala shambani. Saa mbili usiku kifuko kipo, kimejaa. Saa nane usiku kipo, ila kimelainika na hakina tena umbo la duara. Daktari akabonyeza kidogo, farasi akatingisha ngozi kwa maumivu. Umeme ulikuwa umekatika, tukatumia tochi ya simu na betri ya mashine. Kule ziwani taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimejipanga mstari. Mlinzi aliniuliza kwa upole kama na mimi nimeajiriwa kumwangalia farasi akilala. Saa mbili asubuhi mashine ilipowekwa, mahali pa kifuko palikuwa na kovu jipya jeusi lisilo na umbo. Yai lilikuwa limeshuka katika hizo saa sita.

Baada ya hapo hakuna aliyezungumza sana. Mkia ulishafungwa kwa glavu ndefu ya plastiki, sehemu za nyuma zilishaoshwa kwa sabuni na kukaushwa. Maji ya nyuzi 37 yalikuwa tayari kwenye chupa ya chai, kipimajoto ndani. Sehemu hiyo niliifanya mimi, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoijua: mirija yote minane ndani ya maji kwa sekunde 30, toa, kausha kabisa kwa karatasi maana tone moja la maji linaua mbegu, kata ncha, mimina. Tone dogo tuliliacha kwa ajili ya darubini. Zilikuwa hai, zinakwenda mbele. Daktari akapitisha mrija mrefu unaopinda, mkono wake mwingine ukiuongoza kwa ndani, hadi ncha ya pembe ya kizazi upande ule ule yai liliposhukia. Mbegu chache, safari fupi. Kwa ng'ombe tunaachia pale mwanzo tu wa mwili wa kizazi na kwenda zetu.

Kwenda zetu ndiko ambako kwa farasi hakupo. Mbegu zilizogandishwa zimeondolewa sehemu kubwa ya maji yake ya asili, nazo zinaingia kwa wingi mahali pamoja, kwa hiyo kizazi kinazishambulia kama kinavyoshambulia uchafu. Hiyo ni kawaida, mradi kijisafishe upesi. Farasi mwenye umri mkubwa huchelewa kusafisha, maji yanatuama, na mimba haikai. Mchana daktari alimpima tena, akaona maji kidogo, akampa oksitosini, ile ile wanayopewa akina mama leba. Kizazi kikajikamua.

Mtaniuliza kama kazi yote hii ina faida. Kwa mbegu mbichi, farasi mzima akihudumiwa vizuri anashika mimba kwa zaidi ya nusu ya mizunguko. Kwa zilizogandishwa, tegemea kati ya asilimia 30 na 50, na hiyo ni pale penye mtaalamu wa kulala bandani. Bei niliyotajiwa ya ile dozi ningenunulia mtamba wa maziwa. Kwa mfugaji wa kawaida mimi nasema hapana, tena bila kusita. Kwa mama yule, ambaye anataka mtoto wa farasi huyu na wa dume yule aliyemwona kwenye mashindano, ni pesa yake na furaha yake. Ila wale walioanza kunipigia wakitaka "huduma ya farasi" baada ya kuona picha, nawaomba waelewe: mtungi ninao, na si mtungi unaokosekana. Tafuteni kwanza mtu mwenye altrasaundi atakayekuwa tayari kuamka saa nane usiku.

Siku ya 15 daktari alirudi kupima. Kwa ng'ombe ningesubiri mwezi na zaidi ndipo nitie mkono. Kwa farasi hawasubiri kwa sababu wanaogopa mapacha, ambao mara nyingi huharibu mimba yote, na kifuko kimoja cha mimba lazima kiminywe kabla havijatulia mahali pake, jambo linalotokea kama siku ya 16. Alikuta kifuko kimoja, cheusi, duara safi, kipana kama sentimita mbili. Mama mwenye farasi alitaka kuchapisha ile picha na kuitia kwenye fremu. Daktari akamwambia asubiri mapigo ya moyo, kwenye wiki ya nne. Yalionekana. Mimba ya farasi ni miezi 11, kwa hiyo sasa ni kungoja na kujihadhari na usubi.

Habari ikafika Misungwi kabla yangu. Mzee mmoja, mteja wangu wa Boran, alinisimamisha njiani. "Mwangaluka, daktari." Nikaitikia. Akasema kama nimeweza farasi, basi nimletee mbegu za punda. Hakuwa anatania. Kwake punda ndiye anayebeba maji na mpunga, na tangu biashara ya ngozi za punda ipambe moto miaka iliyopita, kumpata punda mzuri imekuwa kazi. Umoja wa Afrika ulikubaliana Februari 2024 kusitisha biashara hiyo kwa miaka 15, lakini punda hawaongezeki kwa kikao. Punda jike anabeba mimba mwaka mzima na anazaa mmoja.

Nilimpigia daktari nikiwa pale pale njiani, simu kwenye spika. Jibu lake lilimshangaza mzee kuliko mimi. Mbegu za punda zinagandishwa vizuri, ukiziyeyusha zinaogelea bila wasiwasi, lakini ukimtia punda jike mara nyingi hashiki. Mbegu hizo hizo ukimtia farasi jike, zinafanya kazi nzuri zaidi. Gliserini, ile ile iliyoufungua mlango kwa fahali, inashukiwa kumdhuru punda jike zaidi.

"Kwa hiyo punda wangu niwapandishe kwa nini?" mzee akauliza.

"Kwa dume, baba. Tafuta mmoja mzuri kijijini mmtumie wote."

Akataka kujua dume mzuri anatambulikaje, nikashuka kwenye pikipiki tukaenda kuangalia wa jirani yake: miguu imenyooka, kwato hazijapinda, meno yanakutana, mgongo hauna vidonda vya matandiko, na kende zote mbili zimeshuka. Huyo wa kwanza alikuwa na moja. Tukaendelea na nyumba ya pili.